Gari Inalala Wapi?

Juzi kijana wa gereji ya jirani alisema mbele yangu, mdomo umejaa mandazi, kwamba Fundi alikuwa fundi wa lori tu, turbo hakuijua. Nilikuwa nimeshika spana kubwa. Niliiweka chini kwanza ndipo nikamjibu, kwa sababu nina mtoto wa kulea na sitaki kesi.

"Na lori inapandishwa mlima na nini, kama si turbo?" nikamuuliza. "Ni maombi ya mama yako?"

Wenzake wakamcheka yeye, si mimi. Lakini sikushiba. Nilirudi nyumbani na hasira ile ile, nikampikia mtoto nayo, nikaosha vyombo nayo. Haya ninayoandika ni lile jibu ambalo halikutoshea pale barabarani.

Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe hakupenda litajwe. Alisema jina ni la kanisani na la hospitali, gerejini mtu anaitwa kwa kazi. Voi mafundi wamejaa kama vumbi, kila mmoja ana jina la utani na kibao cha rangi, lakini mtaani kwetu ukisema "Fundi" bila kuongeza neno, mtu alijua unaenda kwa nani: kwa yule mzee mrefu wa Kitaita mwenye chaki nyuma ya sikio.

Chaki ilikuwa ya kazi moja. Gari ikiingia, yeye hakuuliza shida ni nini. Alizunguka mara moja, akafungua boneti, akamuuliza mwenye gari, "Inalala wapi?"

Watu walichukia hilo swali. Mtu amesukuma gari kwenye jua la Voi, shati limemganda mgongoni, halafu anaulizwa gari inalala wapi kama mgeni anayetafutiwa kitanda. Wengine walidhani ni mwizi anapanga. Lakini Fundi hakugusa kitu mpaka ajibiwe. Ukisema Voi, alichora V ndani ya boneti, pale kwenye bati, ambapo mvua haifiki. Ukisema Wundanyi, Werugha ama Ronge, alichora M, ya mlima. Basi.

"Huku chini injini inalala imefunikwa blanketi," alinieleza nilipokuwa mgeni. "Kule juu inalala kwenye umande. Ni gari moja, lakini ni wagonjwa wawili. Dawa ya huyu itamuua yule."

Kuna watu wamesoma vyuo vya ufundi na hili hawajui. Kutoka Voi, ambapo bati la boneti linakaanga yai saa nne asubuhi, unapanda hadi Werugha ambapo saa nne hiyo hiyo huoni ng'ombe wako kwa ukungu. Ni safari fupi. Mahali pengine gari inatembea wiki nzima kabla ya kubadilisha hewa namna hiyo.

Nilifika kwake nimemaliza kidato cha nne na mimba ya miezi sita. Baba wa mtoto alikuwa amesafiri, na mpaka leo hajafika anakokwenda. Nilimwambia Fundi nataka kazi. Akasema hana. Kesho yake nikarudi, akasema hana. Siku ya tatu sikusema kitu, nikakaa kwenye tairi mbovu mlangoni kama mlinzi. Saa sita akaniletea karai limejaa hozi za mpira, kubwa kwa ndogo, mbovu kwa nzima.

"Zitenganishe," akasema. "Usitumie macho. Macho yanadanganywa na oili."

Nilizikunja, nikazinusa, nikazivuta. Jioni akapita na kurudisha moja tu kutoka rundo la nzima hadi la mbovu. Hakunisifu. Alisema, "Kesho saa mbili." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Sasa nieleze mkono wake, kwa sababu mkono ndio ulikuwa shule. Viganja vyake vilikuwa na sugu hadi vikawa kama soli ya kiatu. Kwa hivyo joto alilipima kwa mgongo wa mkono. Kabla gari haijaondoka, aliiwasha, akaiacha ichemke, kisha akapitisha mgongo wa mkono juu ya kila hozi, moja baada ya nyingine, polepole, kama anayempima mtoto homa. "Maji yameenda," alisema. Halafu akagusa ya upande wa pili. "Maji yamerudi." Gari ambayo maji hayajarudi haikutoka gerejini hata mwenyewe alie.

Alikuwa mkali wa usafi, lakini ovaroli yake ilisimama yenyewe kwa uchafu akiivua. Alitufundisha kurudisha kila spana mahali pake, na yeye mwenyewe alificha spana namba kumi ndani ya soksi, eti ndiyo inayoibwa zaidi. Alisema video za simu ni uongo mtupu, lakini saa ya chakula alinisogelea na kikombe chake. "Hebu weka ile ya yule Mhindi anayefungua gearboksi," alininong'oneza. "Punguza sauti." Kisha, "Rudisha hapo. Rudisha tena. Huyu anajua, huyu."

Jirani yake alikuwa mzee wa duka la vipuri, Mwislamu wa ukoo wa pwani, kofia nyeupe na kanzu iliyopigwa pasi hata siku ya vumbi. Hao wawili waligombana kila siku ya Mungu, na siku mmoja asipofika, mwingine hakula vizuri.

"Bwana Fundi, wewe wanifilisi," mzee wa vipuri alikuwa akilalamika. "Mteja amekuja kununua alteneta, wewe wamsafishia waya anarudi kwake anaimba. Mimi nile nini?"

"Kula haramu uache," Fundi alimjibu.

Ramadhani ikifika, Fundi alitangaza kwamba kwa heshima ya jirani naye hanywi chai mchana. Saa tano alipotea nyuma ya kontena. Mzee wa vipuri alinusa hewa, akapaza sauti kutoka dukani, "Bwana Fundi, hiyo saumu yako leo yanukia tangawizi!"

Sasa nifike kwenye turbo, kwa sababu hapo ndipo wanapomdharau.

Injini inapumua kupitia chuma chenye mlango mdogo wa duara. Ukikanyaga mafuta, mlango unafunguka, hewa inaingia. Fundi alikiita koo. Katika gari nyingi, hozi mbili nyembamba zinaleta maji ya moto ya injini pale kooni na kuyarudisha, ili koo lisipate baridi. Basi vijana wenye magari ya turbo wameambiwa kwenye simu kwamba maji hayo yanapasha hewa, hewa ya moto inapunguza nguvu, kwa hivyo uzitoe hozi mbili kooni uziunganishe zenyewe kwa zenyewe, maji yapite kando. Kubaipasi, wanasema. Gari ipumue.

Fundi alilijua jambo hilo kabla hawajanunuliwa simu. Alinichukua siku moja mbele ya gari ya turbo, akanionyesha kwa kidole kitu kimoja kimoja.

"Turbo inasukumwa na moshi. Ikikandamiza hewa, hewa inachemka. Kwa hivyo wameiwekea rejeta yake hii, ya kuipoza. Ikitoka hapo inapita kooni, inachukua muda gani kupita?"

"Kidogo sana."

"Hata kupiga chafya hujamaliza. Sasa hapo itapata joto gani? Anayetaka nguvu aoshe rejeta ya hewa na aangalie mipira isiwe na ufa. Hii ya koo ni ya kumfurahisha mwenyewe."

Lakini hakuwa mtu wa kukataa kwa kukataa. Maji ya visima vya huku chini yana chumvi, na wengi wetu tunajaza rejeta kwa hayo hayo. Chumvi inakula vile vijia vyembamba vya koo mpaka maji yavujie ndani. Gari ya namna hiyo, kama inalala Voi, Fundi aliirusha maji, yaani aliyapitisha kando ya koo. Na alinikataza kitu kimoja kwa ukali: nisizibe hozi kwa bolti. Gari nyingine, maji yanayopoza turbo yanarudi kwa njia hiyo hiyo, ukiziba umeiua turbo kwa kiu. "Usizibe. Unganisha. Maji lazima yarudi."

Huyo ndiye asiyejua turbo.

Mtoto wangu, Wakesho, alizaliwa, akafikisha miezi saba, nami nikawa nafanya kazi naye akiwa kwenye boksi la katoni lililotandikwa leso, kando ya benchi. Fundi aliponiruhusu alitoa masharti: mtoto asilie, mtoto asikaribie betri. Mimi alinipa jina jipya, Mama Wakesho, na kwa wateja nikawa yule mama wa gereji, maana yake anayefagia. Nilikuwa tayari nafungua injini. Mteja alinipita na funguo mkononi akamtafuta mwanamume yeyote, hata aliyekuja kuomba maji ya kunywa.

Ndipo siku moja Fundi akiwa kanisani kwa mazishi, akaja kijana muuza simu, ninamjua, nyumba yake naiona nikienda sokoni. Alikuwa na gari ya turbo, otomatiki, ya zamani kidogo lakini safi.

"Mama Wakesho, nifanyie ile kitu ya maji. Gari ipumue."

Alinipa funguo mimi. Mimi. Nilifurahi mpaka nikasahau kuwa na akili. Nilichukua chaki nikachora V bila kuuliza, kwa sababu nyumba yake naijua. Nikatoa hozi mbili kooni, nikaziunganisha kwa kipande cha bomba la shaba, nikakaza klipu, vichwa vya skrubu vikitazama juu ili fundi atakayefuata asipate taabu. Nikatoa hewa kwenye maji. Nikapitisha mgongo wa mkono. Maji yameenda, maji yamerudi. Kazi ilikuwa nzuri. Naisifu hata leo, kama kazi.

Ila gari haikuwa yake. Ilikuwa ya dada yake, mwalimu wa shule ya msingi huko Werugha, aliyemwachia wiki moja aifanyie sevisi. Na ndani ya koo la gari za umri ule kuna kidude cha nta. Injini ikiwa baridi kinaacha hewa ya ziada ipite ili injini izunguke kwa kasi. Maji ya moto yakifika, nta inavimba, inafunga, injini inatulia. Mimi nilikuwa nimeyaondoa hayo maji. Huku Voi joto la boneti peke yake liliitosha ile nta, gari ikatulia, kijana akanishukuru. Kule juu, asubuhi ya ukungu, nta ilibaki baridi. Mwalimu akaanza kuteremka na mama yake mzazi kiti cha nyuma, injini inanguruma, ameondoa mguu kwenye mafuta lakini gari inasukuma tu, kona baada ya kona, breki zinaanza kunuka.

Kesho yake aliingia gerejini na kioo cha pembeni mkononi, kimevunjika, waya zinaning'inia. Alikiweka juu ya benchi taratibu. Taratibu ile ilitisha kuliko kelele.

"Nimeegemeza gari kwenye ukingo wa shamba la watu," alisema. "Upande mmoja ukingo, upande wa pili hakuna kitu. Mama yangu yuko kitandani, anatetemeka. Nani alifungua gari yangu?"

Nilikuwa nimekaa kwenye boksi la vifaa nikimnyonyesha Wakesho. Fundi alikuwa amesharudi kutoka mazishini na hakuwa ameambiwa. Alitazama kioo. Akanitazama mimi, mara moja tu, na nikajua ameelewa kila kitu.

"Ni mimi, Mwalimu," akasema Fundi. "Mikono imezeeka."

Nami nikanyamaza. Naandika hapa kwa sababu ni kweli: nilinyamaza. Nilihisi nimeokolewa. Pengine ningenyamaza hadi leo, lakini Mwalimu alinigeukia na kunionea huruma.

"Nilijua tu," alisema. "Maana ndugu yangu ananiambia eti ni huyu mama. Nikamwambia huyu atafungua nini, si anashika mtoto tu."

Nilimchomoa Wakesho kwenye ziwa akiwa hajashiba, akaanza kulia. Nikasimama.

"Ni mimi, Mwalimu. Fundi hakuwepo, alikuwa mazishini. Nilifungua mimi, nikafunga mimi, na sikuuliza gari inalala wapi."

"Kaa chini," Fundi akasema.

"Sikai."

"Mama Wakesho, kaa chini!" Ilikuwa mara ya kwanza kunipigia kelele.

"Kosa ni langu, Fundi, usinichukulie!"

Mtoto alizidi kulia. Mzee wa vipuri alikuwa amesimama mlangoni na boksi la plagi, hajui aingie ama arudi. Mwalimu alinikagua kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili.

"Haya," akasema. "Gari imevutwa hadi kwangu Werugha. Basi wewe ndiye utakuja kuirudisha ilivyokuwa. Na nikishuka nayo, wewe utakaa kiti cha mbele, kando yangu."

Nilimwomba Fundi twende wote. Akakataa. "Nikienda itakuwa kazi yangu," alisema. "Si umesema ni yako?"

"Na mtoto?"

Akalivuta boksi la katoni upande wake, na hivyo ndivyo mtoto alivyobaki kwake.

Nilifika Werugha asubuhi na mapema, ukungu umelala juu ya matuta ya mboga, vidole vimekufa ganzi mpaka skrubu zilinianguka mara tatu. Mama yake Mwalimu alitoka na blanketi begani akanisimamia, ananitazama tu mikono. Nilitoa bomba langu la shaba. Nikarudisha hozi moja kooni, nikarudisha ya pili, mpya zote mbili. Nikaongeza dawa ya rejeta, nikatoa hewa, nikawasha. Injini ikanguruma vile vile. Nilisimama pale na mgongo wa mkono juu ya hozi, nangoja. Ilikuwa baridi. Ikawa vuguvugu. Ikawa moto. Nikagusa ya pili, ya kurudi. Moto. Na ile sauti ikaanza kushuka, polepole, mpaka tukasikia kuku wa jirani.

"Imenyamaza," mama mzee akasema.

"Ingia," Mwalimu akasema.

Sitadanganya, niliogopa. Niliwaza Wakesho atalelewa na nani, na nikawaza Fundi anavyoshika mtoto kama anayeshika gearboksi. Mwalimu aliendesha macho mbele. Kwenye kila kona aliondoa mguu kwenye mafuta, nami nikatega sikio, na kila mara gari ilipunguza yenyewe. Tulifika kwenye ule ukingo. Alama ya bampa bado ilikuwa kwenye udongo mwekundu, na vipande vya kioo vinang'aa kwenye majani. Aliondoa mguu. Gari ikatulia kama ng'ombe anayekamuliwa na mwenyewe.

"Ulisomea wapi hii kazi?" akaniuliza.

"Kwa Fundi."

Tukateremka mpaka Wundanyi. Aliponishusha stendi, alinitolea kabeji mbili nyuma, akaniwekea mikononi. "Siku nyingine uulize," akasema.

Voi nilifika saa nane. Gereji ilikuwa kimya kama Jumapili. Fundi alikuwa amekaa kwenye tairi, Wakesho amelala kifuani mwake, na ile ovaroli chafu alikuwa ameivaa ndani nje, ili upande safi uwe wa mtoto. Mzee wa vipuri alinipokea mlangoni anacheka kimyakimya mpaka machozi.

"Mwanangu, Fundi wako leo kafukuza wateja watano! Eti nyundo itamwamsha mtoto! Mimi mwenyewe kanikataza kukohoa."

Fundi hakunyanyua kichwa. "Maji yalirudi?"

"Yalirudi."

"Na akashuka?"

"Ameshuka. Nilikuwa ndani."

Ndipo hasira yangu ikanirudia. Nikamuuliza kwa nini alisema ni yeye.

"Jina langu lina kutu tayari," akasema. "Kosa moja lisingeonekana. Lako bado jipya."

"Sikuwa na jina, Fundi. Nilikuwa anayeshika mtoto. Ukichukua kosa langu, unachukua na kazi yangu."

Mkono wake ukaendelea kumpigapiga Wakesho mgongoni. Hakuniomba msamaha. Nimemjua miaka na sikuwahi kumsikia akiomba msamaha, hilo nalo liandikwe. Alichofanya ni kutoa chaki nyuma ya sikio na kuninyooshea.

"Kuanzia leo utauliza wewe," akasema.

Miaka imepita. Macho ya Fundi yaliingia ukungu, kwanza la kushoto, kisha la kulia, mpaka akawa anasoma namba za spana kwa ncha ya kidole. Aliacha kazi, akarudi kwao Ronge. Gereji niliendelea nayo. Wakesho sasa anasoma, na anajua kuuliza gari inalala wapi kuliko anavyojua jedwali la sita.

Mwezi uliopita akaja bwana mmoja kijana, mfanyakazi wa ofisi Wundanyi, gari ya turbo nyeupe. Nikafungua boneti, nikamuuliza inalala wapi. Wundanyi, akasema. Nikachora M. Akasema anataka kubaipasi maji ya koo. Nikamwambia gari yake nimeiangalia, ina nta, na ya mlima siirushi maji. Nitaiosha koo, na mpira wa turbo una ufa, hapo ndipo nguvu inapopotelea.

"Mimi nimekuja na kazi yangu," akasema. "Sikuja kufundishwa."

"Basi umekosea gereji."

Alifunga boneti kwa kishindo. Alipokuwa anaondoka alisema kwa sauti, ili wote wasikie, "Nitaenda kwa Fundi mwenyewe." Nikadhani ni maneno. Kesho yake, Jumamosi, mzee wa vipuri akanipigia simu asubuhi.

"Yule mtu wa gari nyeupe kaniuliza njia ya kwa Fundi. Nikamwelekeza. Nalidhani wewe ndiwe uliyemtuma."

Nilimwamsha Wakesho, tukaingia kwenye pikapu. Nataka mtu aelewe nilichokuwa naogopa. Fundi alikuwa amekaa miezi mingi bila kushika gari. Mkono wake ulikuwa na njaa. Mtu akimletea turbo hadi mlangoni, amwite mzee, amsifu, ataacha kuigusa? Na akiigusa tu, Voi yote itasema mwenyewe amekubali, yule mama anajifanya. Kila M niliyochora itakuwa takataka. Wakesho aliniuliza kwa nini naendesha hivyo. Nikamwambia anyamaze, na baadaye nikamwomba msamaha, kwa sababu hilo mimi naliweza.

Nilikuta boneti ya gari nyeupe iko wazi mbele ya nyumba. Bwana wa Wundanyi amekaa kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi, uso umevimba kwa hasira. Fundi ameinama ndani ya injini. Nikaruka kutoka kwenye pikapu.

"Fundi!"

"Sipigiwi kelele kwangu," akasema bila kugeuka. "Wakesho yuko?"

"Niko, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo hapa uwe macho yangu."

Hapo ndipo nilipoona alichokuwa anafanya. Hakuwa ameshika hozi. Hakuwa na spana. Alikuwa anapapasa bati la ndani ya boneti, taratibu, kwa ncha za vidole, kutoka pembe moja hadi nyingine.

"Mzee, nimeshakwambia hakuna kitu hapo," bwana wa Wundanyi akasema. "Saa nzima tuko hapa. Ni hozi mbili tu, wewe ndiye mwenyewe, useme ndiyo ama la!"

"Wakesho," Fundi akasema. "Kuna chaki?"

"Iko."

"Imeandikwa nini?"

"M."

"Mwandiko wa nani?"

Wakesho alisimama kwenye bampa apate kuona vizuri, ingawa hakuhitaji. "Wa mama."

Fundi akaipata ile herufi kwa kidole. Akaifuata, mguu wa kwanza, bonde, mguu wa pili. Kidole kikatoka na vumbi jeupe. Akamgeukia bwana wa Wundanyi, macho yake yale ya ukungu yakimkosa kidogo tu, upande wa bega.

"Imeandikwa," akasema.

"Sasa mzee, hiyo ni ya yule mama wa gereji, mimi nimekuja kwa fundi."

"Ndiyo. Na fundi ameshaandika." Akatafuta ukingo wa boneti kwa mikono miwili, akaishusha, na akaifunga bila kishindo. "Maliza chai yako, umfuate gerejini. Kona za kushuka, mwache atangulie."